Kigoda cha Pili

Vudee, 9 Machi 1958

Mume wangu Tumainieli,

Nakuandikia nimekaa, kwa hiyo pokea salamu za mtu aliyekaa. Marahaba, ingawa shikamoo yako niliikuta chini kabisa ya ukurasa, baada ya habari za magari ya Nairobi. Nani alikufundisha kumsalimu mtu wakati wa kumuaga? Huku tu wazima. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Shangazi yako Raheli amejifungua mtoto wa kiume kule Maore, na kwa joto lile la Maore mtoto amezaliwa akitokwa jasho. Mvua ilichelewa, mchungaji akaiombea, ikaja, na sasa anatembea kifua mbele kana kwamba alikuwa ameifungia kabatini kwake.

Naandika mwenyewe kwa hizi herufi za darasa la ubatizo. Zikipinda zinyooshe wewe, ndiyo maana tulikupeleka shule.

Sasa jambo. Baba yako Danieli alipanda huku Jumapili akaniambia unachosoma. Siku ulipochaguliwa, marehemu babu yako alichinja, na mimi nikajua nyumba hii itatoa daktari. Danieli anasema unasoma kupanga vyumba. Nikamuuliza, kuvijenga? Akasema hapana, kuvipanga ndani. Mume wangu, kigoda kinapelekwa pale mtu anapotaka kukaa, na kitanda kinawekwa pale pasipovuja. Hiyo ndiyo elimu yote. Nimekumalizia, rudi nyumbani.

Lakini kwa kuwa umeshavuka mpaka na unakula kwa kengele, nina kazi nawe. Danieli anasema kabla ya Krismasi atakuja na wapagazi wanishushe Same nikakae chumba cha nyuma ya nyumba yake, karibu na stesheni anakofanya ukarani. Same, ambako hata kivuli kinatafuta kivuli. Anasema nyumba yangu ina giza, ina moshi, halafu nakaa peke yangu, nikianguka usiku nani ataniokota. Mimi sijaanguka. Yeye ndiye aliyeanguka akishuka, pale kwenye utelezi, na suruali yake ya kazi.

Sishuki. Nichoree chumba changu kiwe kizuri mpaka aone aibu kunitoa humo. Kije na barua inayofuata.

Ni mimi bibi yako,
Dorkas


Nairobi, 2 Aprili 1958

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Iko juu kabisa, uione kabla ya yote. Ninaendelea vizuri, chakula kinatosha ila makande hawayajui. Mpe Shangazi Raheli hongera zangu, na mbuzi pia.

Bibi, chumba hakiwezi kuja na barua hii. Mimi niko mwaka wa kwanza tu, na mwalimu wetu hajaturuhusu kuchora hata mstari. Anasema anayeanza na penseli anajichorea mwenyewe. Kila mwanafunzi achague mtu mmoja anayemjua na chumba kimoja anachokitumia, kwanza amuulize, halafu apime, halafu ajaribu michoro mingi mibaya, ndipo utoke mmoja mzuri. Kurwa ninayelala naye chumba kimoja amemchagua mjomba wake kinyozi. Mimi nimekuchagua wewe.

Kwa hiyo naomba unijibu. Ukiamka unafanya nini kwanza? Mchana unakaa wapi, na jioni wapi? Nani huja kwako, saa ngapi, na hukaa wapi? Kitu gani humo kinakuudhi, na kipi hutaki kiguswe? Tena nahitaji vipimo vya kuta zote, pamoja na milango.

Najua nilikulia humo. Lakini mwalimu anasema tunaloliona kila siku ndilo tusiloliona.

Mjukuu wako,
Tumainieli


Vudee, 4 Mei 1958

Mume wangu,

Shikamoo yako nimeiona, marahaba. Huku baridi imeanza, ukungu unaingia mpaka ndani ya sufuria. Filemoni wa mwalimu ameoa. Mkwe ni mrefu, anagonga kichwa kila mlango, na hapo ungefaa wewe na elimu yako.

Yule Mkatoliki wa nyuma ya migomba yangu, Honorata, bado yuko hai. Juzi tulikutana kwenye ndiva, bwawa letu la mfereji, wakati wa kufungulia maji, akasema eti zamu yangu imekwisha. Nikamwambia kilichokwisha ni meno yake. Watu walicheka mpaka wakasahau mfereji, maji yakaenda kwa mtu mwingine kabisa. Unajua hatuelewani tangu mwaka wa nzige, mbuzi wake alipomaliza maharage yangu akasema ni nzige.

Maswali yako nimeyasoma mara mbili nikadhani umeajiriwa polisi. Ulilala humu, ukanyea humu, leo unaniuliza nakaa wapi. Haya. Nikiamka nachochea moto. Mchana niko shambani, kwani nani hukaa ndani mchana isipokuwa mgonjwa na karani? Jioni nakaa karibu na mafiga, nasoma Zaburi moja, nalala. Anayekuja ni mchungaji mara moja kwa mwezi, na hukaa karibu na mlango kwa sababu ya moshi. Kinachoniudhi ni huo moshi. Nisichotaka kiguswe ni huohuo moshi, maana ndio unaokausha mahindi darini na kufukuza wadudu kwenye nyasi za paa. Sasa nipangie hilo.

Vipimo: rula sina. Nimekata kamba za mgomba, kila ukuta kamba yake. Penye fundo ndipo uwazi ulipo, fundo la kwanza ni pale unapoanzia na la pili ni pale unapoishia. Usizichanganye. Nyeusi kidogo ni ya upande wa mbuzi, utaijua kwa harufu.

Bibi yako,
Dorkas


Nairobi, 8 Juni 1958

Bibi,

Shikamoo. Kamba zimefika, na chumba kizima cha posta kilijua zimefika. Mwalimu amezitundika ukutani darasani na kusema ndivyo vipimo vilivyo wazi kuliko vyote alivyoletewa, ila zikae karibu na dirisha.

Nikueleze jambo la aibu. Tulipoanza michoro ya kujaribu, nilichora wa kwanza nikaupenda hapohapo. Nilikuwekea makochi manne yenye vitambaa, meza ya maua katikati, na mafiga nikayatoa nje. Siku ya kutundika kazi, kila mtu akasimama mbele ya mchoro wake wengine wakiukosoa. Mwalimu akaniuliza, huyu bibi yako alisema wapi kwamba anataka makochi manne? Kurwa akasema chumba kile kinamngoja mkuu wa wilaya. Darasa zima likacheka. Niliuchana, nikaanza upya, na sasa niko mchoro wa tisa.

Ndani ya bahasha kuna ramani ya nyumba yako iliyopunguzwa ikawa kama kiganja. Mle kwenye karatasi nyingine nimekukatia vitu vyako: kitanda, meza, mafiga, mtungi, kochi moja ambalo Baba anasema atakununulia, na vigoda vichache. Vipange juu ya ramani unavyotaka, vihamishe mpaka uridhike, kisha vigande na gundi unirudishie.

Mjukuu wako,
Tumainieli


Vudee, 13 Julai 1958

Tumainieli,

Leo si mume wangu. Uliitundika nyumba yangu ukutani watu waicheke? Nitajie huyo Kurwa ni wa ukoo gani. Mwambie bibi wa Vudee amesema mjomba wake anyoe kwanza vichwa vya nyumbani.

Salamu baada ya hasira: tu wazima. Mahindi yamevunwa, dari imejaa mpaka inalia. Baba yako amenitumia blanketi na maneno kwamba Same hakuna baridi. Blanketi nimelipokea.

Vile vikaratasi nimevipanga. Gundi sina, nimetumia uji. Kuku alikula meza, kwa hiyo usiniwekee meza, ndiyo hukumu. Kitanda nimekipeleka kona ya juu, hakivuji. Kochi la Danieli nimeligandisha nje ya nyumba, chini ya upenu. Sikosei. Mgeni akikaa kwenye kitu laini hujisahau, mwache akae nje baridi imkumbushe kwao.

Ajabu nakiri, nilikaa na ile karatasi jioni nzima nikisogeza mafiga huku na huku, nikagundua kwamba nikiyavuta kidogo kuelekea ukuta wa mbuzi napata nafasi ya kunyoosha miguu. Nimekaa humu tangu babu yako ana nywele na sikuwahi kufikiria kwamba mafiga yanaweza kusogea. Usimwambie mwalimu wako, atajiona.

Dorkas


Nairobi, 10 Agosti 1958

Bibi,

Shikamoo. Nipo salama, nimepona mafua. Kurwa anaomba radhi na anasema ukija atakunyoa bure.

Ramani imefika ikiwa na mchwa wawili, lakini imefika. Nimeitazama kwa siku nyingi, na nina maswali mawili ambayo mwalimu hataniruhusu kuyaruka.

La kwanza. Karibu na mafiga, upande wa mbuzi, umegandisha vigoda viwili. Vimekaribiana kiasi kwamba magoti ya wanaokaa yanagusana. Wewe ni mmoja. Mchungaji anakaa mlangoni.

La pili. Ile kamba nyeusi. Kwenye ukuta wa mbuzi kuna tundu la kutolea samadi, nalijua, nilikuwa nalisafisha. Lilikuwa la kupitisha jembe tu. Kwa mafundo yako, sasa lina upana wa mtu mwenye nyonga. Labda mbuzi wako siku hizi wanavaa khanga.

Nikiwa mtoto, nikiwa nimeshalala kwenye ngozi, nilikuwa nasikia mtu akipiga chafya ya ugoro, halafu nasikia chafya nyingine ya sauti nyingine. Uliniambia ni mwangwi wa mlima.

Nani anakaa kigoda cha pili, Bibi? Siwezi kumchorea nafasi mtu nisiyemjua. Tena Baba ameandika anataka kuiona ramani kabla ya kuamua habari ya Krismasi, nami nimemwahidi kuipeleka mwisho wa Septemba.

Tumainieli


Vudee, 31 Agosti 1958

Mume wangu,

Tu wazima wote. Kikohozi cha mchungaji kimepungua, mahubiri hayajapungua. Mbuzi mmoja wa wale mapacha nimempa Raheli.

Kigoda cha pili ni uji. Uji uliganda mahali pabaya.

Chafya ulizosikia, ulikuwa na homa.

Nilikunja barua hapo, nikaikunjua. Wewe utaendelea kuuliza, najua, umerithi kwangu. Basi apa kwanza, halafu soma.

Ni Honorata. Kila jioni, giza likishaingia, anapita katikati ya migomba, anaingia kwa tundu la samadi, tunavuta ugoro wake kwa sababu wangu ni mbaya, na tunasengenya. Alianza mwaka uleule wa nzige. Alikuja usiku kuomba msamaha kwa siri ili watu wake wasijue, akakuta nimepika makande, akakaa. Kesho yake tulitukanana mferejini kama kawaida, kwa sababu watu walikuwa wanangojea. Tangu hapo hatujapata nafasi ya kupatana. Watu wanawahi kwenye ndiva wapate pa kusimama. Wazee wa kanisa langu wananisifu kwa kusimama imara mbele ya Roma, na padre wake anamsifu vilevile kwa upande wake. Ukitutoa humo tutakuwa vikongwe wawili tu wanaoelewana.

Ila magoti yake yamekwisha. Wakati wa masika alikwama tundu lile, nusu kwangu nusu kwake, nikamvuta mikono huku tukicheka mpaka mbuzi wakatoka nje wote. Nahitaji mlango, mume wangu. Mlango wa mtu mzima, upande wa nyuma, usioonekana njiani. Hilo ndilo jibu la swali lako la nani huja kwangu, nilikudanganya kwa Zaburi.

Mchoree mlango. Lakini kigoda cha pili kifute kabla Danieli hajaona. Danieli akijua, mkewe anajua. Mkewe akijua, kwaya nzima inajua.

Barua hii anaishusha Eliufoo, anateremka Same kesho.

Dorkas


Nairobi, 19 Oktoba 1958

Bibi, mke wangu,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 31 Agosti nimeipata leo. Nyuma ya bahasha Eliufoo ameandika kwamba alipita kwanza harusini kule Kileo na harusi ikawa ndefu. Nasikia alikaa mpaka bibi harusi alipomaliza kufua.

Ramani nilimpelekea Baba tarehe 29 Septemba. Vigoda viwili vimo, na pembeni nimeandika "mahali pa kukaa watu wawili jioni." Jina sikuliweka kwa kuwa sikulijua. Kwa hakika nilikisia.

Unaweza kunigombeza. Lakini fikiria hili. Katika maneno yote ya Baba, giza na moshi nimeyatafutia dawa. Nimechora dirisha upande wa njia, na tundu la moshi juu, chini ya paa, upande ambao upepo unaelekea, ili moshi upite darini kwanza ndipo utoke. Neno moja tu sikuwa na penseli yake: peke yako. Hilo dawa yake unayo wewe, umeikalisha kwenye kigoda na kuificha. Baba haogopi moshi. Anaogopa ujumbe wa kumwambia umekutwa sakafuni asubuhi.

Niliapa kabla ya kusoma, kwa hiyo sitasema. Mlango wako wa nyuma nimeuchora kwenye ramani ya pili, iliyo ndani ya bahasha hii, hiyo ni yako. Ukitaka kushuka Same ili siri ibaki, hiyo ni juu yako. Ugoro wa Same utavuta na nani, sijui.

Tumainieli


Vudee, 7 Desemba 1958

Mume wangu, msaliti,

Marahaba kabla hujaomba. Tu wazima, na sana. Raheli anakuja Krismasi na yule mtoto wa jasho. Mbuzi mweupe ana mimba tena, hana aibu.

Danieli alifika Jumamosi iliyopita na wapagazi wawili na ramani yako imekunjwa kwapani kama gazeti. Hakukaa. Alizunguka chumba, akashika ukuta, akahesabu vigoda, akasema, "Mama, huyu wa pili ni nani?"

Nikamwambia ni malaika.

"Mama."

"Niulize Jumapili, leo nina kazi."

Akawaambia wapagazi walale kwa jirani Anaeli, akakaa yeye. Si kwenye kigoda, alikaa kitandani kwangu, na viatu. Giza likaingia. Nilikohoa kile kikohozi chetu cha kusema kuna mtu, nikakohoa tena, lakini Honorata masikio yamemfuata magoti. Nikasikia mbuzi wanasogea. Kikatokea kichwa, kikatokea kikopo cha ugoro, halafu akakwama.

Danieli alisimama. Huyu mwanamke amenitukana mbele yake tangu yeye anafuga vifaranga. Na yeye Honorata, chini pale, kaona viatu vya karani vimesimama mbele ya pua yake. Unajua alisema nini? Alisema, "Danieli, usisimame kama mnara. Vuta."

Akavuta. Mimi nilishindwa kusaidia, kicheko kilinikata mbavu.

Tulipompangusa tukakaa, sisi wawili kwenye vigoda na Danieli kwenye gogo la kuni. Akauliza, "Kila siku?" Honorata akasema, "Isipokuwa Ijumaa Kuu, maana ana kiburi siku hiyo." Danieli akaniambia, "Mama, miaka yote hii nalala nikiwaza uko peke yako." Nikamjibu kwamba sikuwahi kumwambia niko peke yangu. Akasema, "Hukuwahi kuniambia hauko peke yako." Hapo alinipata. Nimemzaa mimi, ana haki ya kunipata mara moja.

Honorata akamwambia siku nitakayoanguka ataniokota yeye, na siku atakayoanguka yeye nitamwokota mimi, na tukianguka pamoja tutasengenya hapo chini mpaka asubuhi. Danieli alicheka kwa pua kama alivyokuwa mdogo. Wapagazi kesho yake wakaambiwa hakuna mzigo.

Lakini hakupata nafasi ya kushuka. Jumatatu alfajiri baragumu likalia. Unajua Melkizedeki akipuliza baragumu la msaragambo, kila mwenye mikono aliyelala kijijini anatoka, awe karani awe nani, asiyetoka anatozwa faini ya mbuzi. Danieli akatoka na suruali ya kazi akiuliza kazi iko wapi leo, mferejini au barabarani. Wakamwambia, kwa mama yako. Nilikuwa nimeshakwenda kwa Melkizedeki wiki mbili kabla, nikaomba msaragambo wa mjane, na ramani ya pili uliyonitumia niliigandisha mlangoni kwake kwa uji.

Basi yule aliyekuja kunitoa ndani ndiye aliyekanyaga udongo wa kuniwekea dirisha. Alikanyaga mpaka magotini. Wapagazi wake nao wakakanyaga.

Honorata akaja mchana kama jirani yeyote, na kikapu cha udongo kichwani. Watu wakaacha kazi wakingoja. Akautazama mlango wa nyuma, akasema kwa sauti ya mferejini, "Huu mnampanulia nani, mbuzi au Mlutheri?" Nikamjibu, "Nampanulia shetani atoke, amechoka kupitia kwako." Melkizedeki aliangusha jembe. Watu wameshiba mwezi mzima. Danieli alikuwa ameinamia ndoo ya udongo, mabega yanamtikisika, lakini mdomo haukufunguka. Mkewe hajui mpaka leo. Sikujua nilizaa mtoto anayeweza kunyamaza.

Moshi unatoka. Sikusema asante, nimesema unatoka. Mahindi darini bado yanapata wake. Dirisha ni zuri kiasi, ila ulilishusha mno. Nikikaa naona miguu ya watu wanaokwenda kanisani na sioni nyuso, kwa hiyo Honorata na mimi inabidi tukisie. Mwambie mwalimu wako, akupunguzie alama hapo.

Jioni Danieli alipokuwa ananawa miguu, aliuliza polepole, kama anauliza maji, siku akiacha ukarani akapanda huku, chumba hiki kingempa nafasi wapi. Nikamwambia mimi si fundi wa vyumba. Akuandikie wewe, aanze na akiamka anafanya nini, halafu jioni nani humtembelea, na asitaje Zaburi.

Bibi yako, yuko Vudee,
Dorkas